Aibu ya Zuhura Ndiyo Iliyonifundisha Kuitazama Mshtarii

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Lindi aliniandikia akiuliza anunue darubini ya aina gani ili aanze kutazama sayari. Nilimjibu kwamba asinunue kitu chochote kwanza. Nadhani jibu hilo halikumridhisha, kwa hiyo nalieleza hapa kwa kirefu, kwa sababu najua wengi wenu mna hamu ileile niliyokuwa nayo mimi.

Mwezi Januari 2025 niliwapeleka wanafunzi wangu na baadhi ya wazazi wao ufukweni Shangani, hapa Mtwara, kutazama nyota. Mapema jioni nilikuwa nimeiona Zuhura ikiwaka magharibi, nami nikaweka moyoni kwamba kitu chenye mwanga mkali kuliko vyote ni Zuhura, basi. Tulichelewa kuanza, na ilipofika saa tano usiku nikanyoosha kidole juu, upande wa kaskazini, nikatangaza kwa sauti ya kujiamini: "Ile ndiyo Zuhura." Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa ameketi akishona wavu wake kwa mwanga wa tochi, aliinua kichwa akauliza kwa upole, "Mwalimu, Zuhura mpaka saa hizi? Hiyo mbona imeshatua zamani."

Watoto walicheka. Hilo ningelisahau, lakini mwalimu mwenzangu aliyekuwapo aliipeleka habari shuleni, na tangu siku ile akaniita Mwalimu Zuhura.

Mzee alikuwa sahihi, na sababu yake nilipaswa kuijua. Zuhura hulizunguka jua ikiwa ndani ya njia ya dunia yetu, kwa hiyo machoni petu haiachani na jua kwa zaidi ya nyuzi 47 hivi. Huonekana magharibi baada ya jua kuzama au mashariki kabla halijachomoza, na huku kwetu haikai angani hadi usiku wa manane. Niliyoionyesha mimi ilikuwa Mshtarii, sayari iliyo nje ya njia yetu, ambayo inaweza kukesha angani usiku kucha. Mzee hakuwa na kitabu. Alikuwa na miaka mingi ya kutoka baharini alfajiri.

Kuanzia hapo nikawa naandika kila ninachokiona katika daftari: saa, upande, na jinsi mwanga ulivyo, kwa maana sayari hutulia wakati nyota zinametameta. Miezi ya mawingu siisimulii. Huku kusini mvua zikishaanza mwishoni mwa mwaka, mbingu hufungwa hadi Aprili, na unayoyapata ni mapengo tu.

Pengo moja lilinifaa. Tarehe 10 Januari 2026 dunia ilipita kati ya jua na Mshtarii, na katika siku zile sayari hiyo ilichomoza jua lilipozama na kutua kulipopambazuka. Nilikuwa nimeazima darubini ya macho mawili, ya kukuza mara saba tu. Kioo kilikuwa na ukungu wa chumvi ya bahari, nikakifuta kwa ncha ya kanga ya mke wangu. Nilipoishika kwa mikono, Mshtarii ilirukaruka kama kimulimuli. Nilipoiegemeza juu ya mtumbwi uliopinduliwa na kuzuia pumzi, ikatulia ikawa kiduara kidogo, na kando yake nikaona vidoa vitatu vya mwanga vimejipanga katika mstari mmoja.

Galileo, yule mtaalamu wa nyota wa Italia, naye, tarehe 7 Januari 1610, aliona vitatu kwanza; cha nne alikiona siku chache baadaye. Ni miezi inayoizunguka Mshtarii kama mwezi wetu unavyoizunguka dunia: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Io hukamilisha mzunguko wake kwa muda wa saa 42 hivi, ndiyo maana usiku uliofuata mpangilio ulikuwa umebadilika, na vidoa vilikuwa vinne. Nakiri kwamba nilipiga kelele peke yangu ufukweni.

Kwa hiyo, vijana, msikimbilie vifaa. Mnataka kuona pete za Zohali kabla ya kujua magharibi ni wapi! Simu inayowatajia jina la kila nukta haiwafundishi kutazama. Jifunzeni kusubiri, rudini mahali palepale kesho, andikeni saa. Na mkishapata darubini, iegemezeni. Narudia: iegemezeni.

Usiku ule wa pili nilimwita yule mzee. Alitazama kwa muda mrefu bila kusema neno, akanirudishia darubini, kisha akaiomba tena kabla wingu halijafunga. Mwalimu mwenzangu nilimwalika mara mbili. Hakuja, darubini nimeshairudisha kwa mwenyewe, na hadi leo ananiita Mwalimu Zuhura.