Muulize Mwalimu: Stori naijua yote, mbona maksi hazikuji?

SWALI: Habari mwalimu, niko fom tatu hapa Kisumu. Kwa mtihani wa kufunga shule tuliulizwa tutoe sababu mbili zilizofanya Wanandi wapigane na Waingereza. Mimi nikajaza karibu nusu ukurasa, vile kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliitwa kwa mazungumzo ya amani akapigwa risasi na afisa Mwingereza, Meinertzhagen, tarehe 19 Oktoba 1905, kila kitu, na nikapata sufuri. Deski-meti wangu aliandika laini mbili tu akapewa zote. Si huu ni uonevu?

JIBU: Si uonevu, mwanangu. Stori yako iko sawa, hata tarehe umeipata, lakini hebu rudi kwa swali. Umeulizwa vita vilianza kwa nini, wewe ukaeleza viliishaje. Wanandi walianza kusumbuana na Waingereza 1895, miaka kumi kabla Koitalel hajauawa, sasa kifo chake kitakuwaje sababu ya kuanza? Mwenye kusahihisha hata akikuhurumia hana pa kuiweka hiyo maksi.

Nadhani huyo mwenzako aliandika kitu kama: walitaka kulinda uhuru wao, na hawakutaka reli ipite kwa ardhi yao. Basi, akasonga mbele. Lakini pia usiende upande ule mwingine ukaandika neno moja, "reli", ukaacha hapo, maana reli imefanya nini? Reli ilifika Kisumu 1901, hiyo nayo ni reli pia. Sababu lazima iwe sentensi, hata fupi. Swali likisema taja, hapo ndio jina pekee linatosha. Na kuna huu mtego ambao naona unamaliza watoto wengi kuliko hata kutosoma: pointi ya kwanza "walikuwa wanatetea ardhi yao", ya pili "hawakutaka kunyang'anywa mashamba", wewe unahesabu mbili, mwenye kusahihisha anahesabu moja. Ukiulizwa mbili andika mbili, usimwage tano ukitumaini atakuchagulia.

Halafu saa. Peipa ya historia ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, ni masaa mawili na nusu kwa maksi 100, Sekisheni A, ile ya maswali mafupi, ni 25, so kila maksi ina dakika moja na nusu. Hiyo nusu ukurasa yako ilikula wakati wa insha.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama, niko Nakuru. Kijana wangu hashiki kabisa yale mambo ya enzi ya mawe, kila akisoma yanatoka. Nifanye nini?

JIBU: Mama, si mko na Hyrax Hill hapo hapo, kando ya barabara ya Nairobi? Mpeleke Jumamosi, aambiwe vile Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alichimba hapo 1937, na mkipata nauli ingine mshuke mpaka Kariandusi karibu na Elementaita aone yale mashoka ya mawe yakiwa yamelala chini vile yalipatikana. Akiulizwa ataje sehemu mbili za Kenya zenye mabaki ya enzi ya mawe, hapo ashapata zote mbili, na hata akisahau mwaka asijali sana, maswali mengi ya Sekisheni A hayaulizi mwaka. Mbebe chakula, njaa ikimshika hataona mawe yoyote.