Sikuwa na haraka yoyote

Nililipita lori kwenye kona. Kona kali, barabara inateremka, mbele sioni kitu. Nilikuwa nimelifuata kwa kama robo saa, linatambaa tu, moshi wake unaingia mpaka ndani ya gari, na mke wangu ameketi pembeni kimya. Sikuwa nawahi popote. Tulikuwa tunarudi nyumbani na hapakuwa na mtu wa kutusubiri. Nilijua vizuri kwamba pale hapapitwi. Nikachomoka.

Gari lililokuwa linapanda lilitukosa padogo sana. Dereva wake hata honi hakupiga, nadhani hakuwahi. Mke wangu hakutamka neno mpaka tulipofika, na hapo akauliza swali moja: "Ulikuwa unataka nini?"

Sikuwa na jibu. Watu husema sikio la kufa halisikii dawa, lakini langu lilikuwa linasikia vizuri sana. Hapo ndipo tunapokosea tunapomtazama mtu aliyefanya upuuzi: tunadhani hakujua, basi tunamrundikia nasaha. Mimi nilijua. Ningeweza kukupa somo zima kuhusu hatari ya kona huku mguu wangu ukikanyaga mafuta.

Imenichukua miaka kulijibu lile swali. Nilitaka ile robo saa iishe, basi. Mbele ya lori hapakuwa na chochote nilichokihitaji. Kilichonishinda ni kukaa nyuma yake.

Mwaka 2014 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, na wenzake. Katika jaribio mojawapo, watu waliachwa kila mmoja peke yake chumbani kwa dakika 15, bila simu wala kitabu, wabaki na mawazo yao. Kulikuwa na kitufe: ukikibonyeza unapigwa shoti ya umeme. Walikuwa wameshaionja, na wakasema wangekuwa radhi hata kulipa pesa wasipigwe tena. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga, na wanawake 6 kati ya 24. Mwanamume mmoja alibonyeza mara 190! Wengine huwacheka wakisikia habari hiyo. Mimi niliposoma nilikumbuka lori.

Kuna na suala la macho ya watu. Mwaka 2005 watafiti Margo Gardner na Laurence Steinberg walitoa matokeo ya mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta: wakiwepo wenzao, vijana walijitosa kwenye hatari zaidi kuliko walipocheza peke yao, na kwa watu wazima tofauti hiyo ilikuwa ndogo. Mimi nilikuwa mtu mzima, tena mwenye watoto. Lakini ule ukimya wa mke wangu pembeni niliutafsiri kuwa ananiona dereva goigoi. Baadaye nilimuuliza alikuwa anawaza nini muda ule. Nguo za kufua.

Kibaya zaidi ni kwamba tulipona. Ningegonga hata kidogo ningeshika adabu; sikugonga, na wiki chache baadaye nikapita tena mahali pasipopitwa, safari hii na moyo mwepesi. Mtu akinusurika hujihesabia ustadi. Ndivyo wengi wetu tunavyozoea, iwe ni barabarani, kwenye kamari, au kumwandikia bosi ujumbe wa hasira usiku wa manane. Mara ya kwanza haikutokea kitu, basi tunahisi tumepewa kibali.

Sasa nifanyeje? Kuhesabu mpaka kumi hakukunisaidia kamwe; nikifika tatu nimeshatenda. Kilichonisaidia ni kuamua mapema, kabla damu haijachemka. Kabla sijawasha gari naamua kwamba leo kwenye kona sipiti, na nikishakuwa njiani shauri hilo halifunguliwi tena, kwa sababu nikikubali kubishana na nafsi yangu wakati imepanda, yenyewe ina maneno matamu kuliko mimi. Ujumbe wa hasira nauandika kwenye daftari la karatasi, mahali pasipo na kitufe cha kutuma. Asubuhi huwa naona aibu kuusoma.

La pili ni dogo hata kulisema: naitaja hali yenyewe kwa sauti. "Nimechoka kusubiri." Nikishasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu, naona kwamba tatizo ni uchovu, na uchovu una dawa nyingine.

Hivi karibuni tuliangukia tena nyuma ya lori. Nilitafuta mahali papana, nikaweka gari kando, nikafungua chupa ya maji. Mke wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia naliacha lori litangulie. Akalaza kiti chake nyuma, akafumba macho, na tulipoondoka alikuwa anakoroma.