Jibu: Soma It hata kama umeshaona filamu

Ndugu, umeuliza kama kuna haja ya kusoma It, riwaya ya kutisha ya Stephen King, wakati filamu zote mbili umeshaziona, na unene wake unakutia uvivu. Isome. Kurasa zinapita 1,000, ni kweli, lakini ndimo Derry, mji wa kisa hiki, unamopata uhai.

Filamu za 2017 na 2019 zimetenga utoto na utu uzima wa wahusika. Riwaya, iliyotoka 1986, inasuka 1958 na 1985 pamoja: mtu mzima anapita mtaa aliokulia, na ghafla ana miaka kumi na mmoja tena, anakimbia.

Halafu kuna Mike, mkutubi, anayekusanya historia ya mji. Zimwi huamka kila baada ya miaka 27 hivi, watoto wanapotea, na watu wazima wanageuza uso. Hapo ndipo palinitisha kuliko meno ya Pennywise, umbo la mchekeshaji ambalo zimwi hilo hujivika.

Nikupe kionjo. Kabla Georgie, mtoto mdogo, hajatoka na boti yake ya karatasi, anatumwa nta kwenye chumba cha chini. Anasimama mlangoni, anapapasa swichi ya taa huku akiwaza kuna kucha zitakazomshika mkono. Hakuna kinachotokea, ila mimi niliacha taa ikiwaka usiku ule!

Tahadhari tu: ukatili dhidi ya watoto ni mwingi, na karibu na mwisho ipo sehemu moja inayonikera mpaka leo. Ukiiruka, hadithi haipotei.