Kylie Minogue Marekani: wimbo haukuanguka

Umeuliza kama "Can't Get You Out of My Head", wimbo wa mwanamuziki Kylie Minogue, ulitamba Ulaya tu, halafu ukaanguka Marekani. Hapana, haukuanguka hata kidogo. Singo ilitoka Septemba 2001, ikakaa namba 1 Uingereza wiki nne, na kwao Kylie, Australia, ikashika namba 1 vilevile. Marekani ilichelewa kufika, ikaanza kupanda mwanzoni mwa 2002 hadi namba 7 kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo kule. Hiyo namba 7 usiidharau: mara ya mwisho Kylie kuingia kumi bora kule ilikuwa 1988, na "The Loco-Motion".

Kilichouvusha mipaka, kwa masikio yangu, ni ile "la la la". Haihitaji mkalimani! Na sikiliza vizuri: wimbo hausubiri beti, unakupiga nayo mwanzoni kabisa, na chini yake besi inazunguka palepale bila kukuachia upumue. Cathy Dennis na Rob Davis, walioutunga, walijua wanachofanya. Hadi leo ukilia tu kwenye spika, mabega yangu yanaanza yenyewe.