Maswali ya Wasomaji: Vitufe vya king'amuzi vimehamia, mbona viko kimya?

SWALI: Nina rimoti ya Philips Pronto TSU2000 (ile ya skrini ya kugusa inayoendesha vifaa vingi), mtumba wa Kariakoo. Faili langu la CCF, lile lenye kurasa, vitufe na misimbo ya rimoti, lina TV na sabufa. Jirani ana lake lenye king'amuzi na kiyoyozi. Nimenakili ukurasa wa king'amuzi, picha zimekuja zote, lakini nusu ya vitufe havifanyi kitu. Nimekosea wapi? — Msomaji, Tabata

JIBU: Vitufe hivyo havikubeba msimbo, vilibeba kiungo tu. Ndani ya CCF kitufe kinaweza kuwa na msimbo wake wa infraredi, au kikaelekeza kwenye kitufe cha kifaa kingine ("kifaa" hapa ni kikundi cha kurasa ndani ya faili). Wengi huweka misimbo yote kwenye kifaa kimoja kilichofichwa, na kurasa unazoziona zinaazima humo. Wewe umechukua ukurasa, misimbo imebaki kwa jirani.

Kwanza hifadhi faili lako kwa jina jingine. Kisha fungua la jirani kwenye ProntoEdit, programu ya kompyuta ya kupanga rimoti hii, ingia kwenye kitufe kilicho kimya, uangalie orodha ya kazi zake. Ukikuta limeandikwa jina la kifaa kingine, hicho nacho lazima kihame. Hamisha vifaa vizima, usiokoteze kitufe kimoja kimoja, halafu upitie viungo vyote upya. Makro (kitufe kimoja kinachotuma amri kadhaa mfululizo) na vitufe vya kurukia ukurasa ndivyo vinavyosahaulika zaidi.

Kama ni vitufe vitano sita tu, usijisumbue: fungua msimbo wenyewe, unakili yale maandishi, uyabandike kwenye kitufe kipya. Tuseme unaanza na 0000 006D 0022 0002. Hiyo 0000 ni msimbo ghafi. Namba hizi ni za hex, yaani hesabu ya msingi wa 16: 006D ni 109, inayowakilisha mawimbi ya kHz 38. 0022 ni jozi 34 za mapigo, na 0002 ni jozi 2 za kurudia. Kila jozi ni makundi mawili ya herufi nne nne, kwa hiyo 36 mara 2, ongeza 4 ya mwanzo: 76. Ukihesabu ukapata 75, mkia umekatika wakati wa kunakili.

Kiyoyozi kina tabia yake. Rimoti yake kwa kawaida hutuma kila kitu kwa mkupuo: nyuzi joto, kasi ya feni, kuwaka au kuzima. Kitufe cha "ongeza" ulichonakili kitapeleka nyuzi zilezile kila ukikibonyeza. Afadhali utengeneze vitufe vya 22, 24, 26 na cha kuzima, kila kimoja ukifundishe kutoka rimoti ya asili.

SWALI: Faili hilohilo litaingia kwenye TSU3000? — Msomaji, Mbagala

JIBU: Haliingii. TSU3000, Pronto ya baadaye, inatumia programu nyingine, ProntoEdit NG, na mafaili ya aina nyingine, PCF. Kurasa utazichora upya. Misimbo ya hex ndiyo inayobandikika kama ilivyo.