Ya bure jirani na Beit al-Ajaib

Ndugu, umeuliza utembelee nini jirani na Beit al-Ajaib, Unguja, bila kulipa kiingilio. Jumba hilo la Sultani Barghash, lililokamilika mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020, hivyo utalitazama kwa nje. Ngome Kongwe, iliyo ubavuni mwake, huingiwa bure. Hata hivyo, mimi ningekuja jioni, bustani ya Forodhani, ambako vijana huruka baharini kutoka ukutani, mmoja amekunja magoti, mwingine akipinduka hewani, huku wachuuzi wakikamua miwa kwa ndimu na tangawizi. Kutazama hakulipiwi, ingawa harufu ya mishikaki huenda ikakufungua mkoba. Mchana, zunguka vichochoroni ukitazama milango ya nakshi yenye njumu za shaba.