Mtandao ukizimwa, daftari lianze siku hiyohiyo

Vikundi vingi vinavyotaka kupinga ufungaji wa mitandao huanza na tamko. Tamko halina ubaya, ila peke yake halina meno. Tangu marekebisho ya 2020, Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, inamtaka anayefungua shauri la kikatiba aambatishe kiapo kinachoonyesha namna yeye mwenyewe alivyoathirika. "Wananchi wanaumia" haitoshi tena. Kwa hiyo mtu wa Kigoma, Kasulu au Urambo asishindane na Dar es Salaam kwa kelele. Kazi yake ni kumpata mama muuza dagaa wa Kibirizi ambaye hasara yake ina tarehe, kiasi na ushahidi.

Kabla ya kuandika hasara, hakikisheni kwamba mtandao umefungwa kweli. Huku kwetu umeme hukatika na minara huzimika bila serikali kugusa kitu, na hapo kila kitu hugoma kwa pamoja. Tovuti moja ikigoma huku nyingine zinafunguka, kama ilivyotokea kwa X Mei 2025, hiyo ni dalili ya kuzuiwa. Jaribuni anwani ileile, saa ileile, kwa laini za kampuni tatu tofauti. Mpigieni ndugu aliye Nairobi au Bujumbura naye ajaribu. Ikifunguka kwake na kugoma kwenu kote, andikeni saa na majina ya mitandao.

Kisha tumieni OONI Probe, programu isiyo na malipo inayopima kama tovuti imezuiwa. Zimeni VPN (programu inayopitisha mawasiliano yako nchi nyingine) kwanza, la sivyo mtakuwa mnapima mtandao wa nchi nyingine. Chagueni tovuti chache mnazozihitaji, na yale majaribio ya kasi na video myaache maana yanakula bando. Walio Manyovu na Kagunga waangalie jina la mtandao juu ya skrini kabla ya kubonyeza: simu ikishika mnara wa Burundi, kipimo hicho hakitawafaa kitu. Jibu la "dalili ya kuzuiwa" mara moja si ushahidi. Rudieni kwa siku kadhaa na laini tofauti. Matokeo huchapishwa hadharani pamoja na jina la mtandao na wakati, na yeyote atakayeshika simu yako ataiona programu hiyo. Asilazimishwe mtu kuiweka.

Intaneti ikizimwa yote, kama ilivyokuwa siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, programu hiyo haina la kufanya. Walio nje ya nchi ndio huona mawasiliano yakiporomoka. Kinachobaki mikononi mwenu ni daftari.

Chukueni daftari la kawaida lenye mistari na mpige safu: tarehe na saa, mahali, alichokuwa anafanya mtu, kilichoshindikana, hasara kwa shilingi, ushahidi alionao. Mfano wa mstari mzuri: kilo 300 za dagaa, mnunuzi wa Tabora alikubali 22,000 kwa kilo kupitia WhatsApp, picha na uthibitisho wa mzigo havikufika, mzigo ukauzwa Mwanga, hapahapa Kigoma, kwa 17,000, pungufu 1,500,000. Mstari mbaya ni "biashara ilikufa".

Hapa ndipo wengi hujikwaa: pesa ya simu. Kutuma kwa menyu ya nyota na reli hakutumii intaneti. Mtu akisema "nilishindwa kutuma hela kwa sababu intaneti ilizimwa" wakati alikuwa anabonyeza *150, upande wa pili utamng'oa kwa swali moja, na mistari mingine yote itatiliwa shaka. Ulizeni kila mara: ulikuwa unatumia menyu au programu? Kama menyu nayo iligoma, hilo liandikwe peke yake, kwa saa yake.

Picha za skrini zibaki kwenye simu iliyozipiga. Msikate kingo, maana juu ndipo saa na jina la mtandao vilipo, na msizirushe WhatsApp kisha mkabaki na ile nakala iliyobanwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaangalia jinsi kumbukumbu ilivyotengenezwa na kutunzwa. Majina ya watu yakae kwenye karatasi nyingine, daftari liwe na namba tu; kila mmoja aridhie kwa maandishi, kwa kuwa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu msiwasainishe chochote. Hifadhi yao ni nyembamba kuliko mnavyodhani.

Barua sasa. Mtoa huduma aandikiwe kwanza, kisha TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kwa TCRA tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo ni ya raia tu na inampa mtunza taarifa siku 30 za kujibu. Msiulize "kwa nini mmefunga?" maana mtajibiwa hotuba. Ombeni nakala ya agizo, tarehe yake, aliyelisaini, kifungu alichotumia na muda wa zuio. Pelekeni nakala mbili, moja irudi na muhuri wa mapokezi. Ukimya baada ya siku 30 nao ni ushahidi, ila kwa aliye na muhuri.

Katika barua zote tajeni Ibara ya 18 ya Katiba, inayotoa haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi, na uhuru wa kufanya mawasiliano. Nje ya nchi tajeni Azimio la Misingi la 2019 la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, msingi wa 38, unaozikataza serikali kukatiza intaneti.

Kuhusu VPN tuna msimamo ambao hauwafurahishi wote: kikundi kisigawe wala kufundisha. Oktoba 2023 TCRA ilitaka watumiaji wazisajili, na kikundi kinachoonekana ni wakala wa VPN kitashtakiwa kwa hilo huku hoja ya zuio ikisahauliwa. Mkutano wa hadhara unahitaji taarifa ya maandishi polisi saa 48 kabla. Na msiandike takwimu msizoweza kuzitetea. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinahusu taarifa za uongo.

Mahakama Kuu ya Tabora au Kigoma itataka muonyeshe kwamba njia nyingine zilijaribiwa, ndiyo maana barua hutangulia. Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, haidai hivyo, ila mlango wake hufungwa miezi miwili tangu kitendo kitokee au mlalamikaji akijue. Kwa kilichotokea 29 Oktoba, mwisho ulikuwa Desemba ileile. Siku 30 za kusubiri TCRA zimo ndani ya hiyo miezi miwili, kwa hiyo wakili apewe nakala ya daftari wiki ya kwanza, majibu yamfuate baadaye.